Kimulimuli cha Lameki Kimekataa Kulala

1

Taa nyeupe ilikuwa bado inawaka, na Mtaa wa Mashariki mzima ulikuwa umekaa chini unaitazama.

Wanaume walikaa upande wa ukuta wa mwamba, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango, kama ilivyo desturi ya msiba, lakini huzuni yenyewe ilikuwa imeshawaishia. Siku za mwanzo walimlilia Lameki kwa haki, maana alikuwa kijana wa watu, asiyejua kumpita mtu bila kumtania. Sasa walikuwa wanajikuna vifundo vya miguu, wanapiga miayo ndani ya viganja, wanahamishia uzito upande huu na upande ule, na kila mara macho yanarudi pale pale, juu ya mlango wa nyumba ya Mama Lameki, palipotundikwa kimulimuli cha marehemu: taa tatu ndogo za LED, nyeupe, ya kijani na nyekundu, zote zikiwaka kama jana na kama juzi.

"Imefifia," alinong'ona mmoja.

"Wapi imefifia! Macho yako hayo yamechoka."

Sechelela, fundi betri wa mtaa, alikaa nyuma kabisa ya wanawake, kitenge amejitanda mpaka puani. Kati ya wote waliokuwa pale ni yeye aliyejua kwamba kimulimuli kile hakikuwa na mpango wa kuzimika leo wala kesho. Alikitengeneza kwa mikono yake.

Ndani ya Mlima Ilindi hakuna mtu asiye na kimulimuli chake kifuani. Tangu babu zao walipolikimbia jua na kuhamia mapangoni, umeme wa paneli za jua kule juu unatosha mafeni na pampu za maji tu. Mwanga ni wa kila mtu na betri yake. Mtoto akizaliwa, mama yake ndiye anayekiwasha kwa mara ya kwanza. Akija kufa uzeeni au ujanani, kinatundikwa juu ya mlango wake, kikaachwa kimalize chaji chenyewe. Hakuna wa kukichaji wala wa kukizima. Kumzimia marehemu kimulimuli ni kumuua mara ya pili, na humu mlimani hilo si neno la utani. Betri inapochoka, taa nyeupe ndiyo inayotangulia kulala, na wanaume wanarudi kazini. Ya kijani ikifuata, wanawake wanarudi kupika majumbani kwao. Nyekundu ikilala, mjane anavuka kizingiti, matanga yamekwisha. Betri ya kawaida huyamaliza mambo yote hayo kabla unga wa msiba haujafika chini ya gunia.

Unga wa msiba wa Lameki uliisha, ukachangwa mwingine, nao ukaisha.

Mjumbe Mazoya alishindwa kukaa. Alikuwa mtu mfupi wa haraka haraka, na msiba huu ulikuwa unamtesa kuliko waliofiwa wenyewe. Alisimama, akazunguka, akarudi.

"Jamani, mnaisikia feni?"

Wakatega masikio. Feni Kubwa ilikuwa inazunguka ndani ya shimo lake la hewa, nyuma tu ya nyumba ile, na mngurumo wake ulikuwa umeshuka. Zamani ulikuwa unatetemesha vikombe kabatini. Sasa ulikuwa unakoroma kama mzee aliyeshiba.

"Paneli kule juu zimelaliwa na vumbi," Mazoya akasema. "Umeme hauji. Hewa inakuwa nzito. Angepanda mtu mmoja tu na ufagio..."

"Panda wewe, mjumbe," akajibiwa kutoka ukutani. "Umruke Lameki hapo alipo, na taa yake nyeupe inakutazama."

Mazoya akatazama juu ya mlango. Kisha akamgeukia Sechelela, na watu wote wakageuka naye.

"Fundi, hii ni betri gani lakini?"

"Betri ni betri, mjumbe," alisema Sechelela. "Nyingine zina roho ngumu."

Watu wakacheka kidogo, kwa kuwa walikuwa wanatafuta cha kuchekea. Sechelela alijichukia mpaka masikio yakamwasha moto.

Pazia la mlango likasukumwa, akatoka mkunga Foibe, jasho linamtiririka shingoni. Hakuwaangalia wanaume. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa mbele, akachuchumaa mbele ya Mama Lameki.

"Mama Lameki, huyu mkwe wako siku zake zimefika, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Humo ndani kuna joto la tanuri. Nataka nimshushe Chemchemi, kwenye chumba cha uzazi. Kule kuna ubaridi, kuna hewa, na vifaa vyangu viko kule."

"Atashuka," alisema Mama Lameki kwa upole. "Mume wake akishampa ruhusa."

"Mume wake amekufa, mama."

"Najua. Lakini hajaenda. Humwoni hapo juu?"

Kilichomtisha Sechelela ni uso wa Mama Lameki, rafiki yake. Mama mwenye msiba wa mwana pekee alipaswa kuwa amekonda, macho yameingia ndani. Huyu alikuwa ametulia, ngozi inang'aa, kama mtu aliyetoka kuogeshwa.

"Hata mimi nilizaa humu humu," Mama Lameki akaongeza.

"Ulizaa feni ikiwa nzima!"

Hapo hapo Feni Kubwa ikakohoa, ikapunguza mwendo zaidi, na taa nyeupe ikatetemeka. Ikafifia. Mtaa mzima ukainuka nusu. Ikafifia tena, ikabaki alama tu, na ukutani kijana mmoja akaanza kuvuta kamba za viatu vyake vya kazi huku amejifanya anajikuna. Nyusoni mwa watu hapakuwa na msiba hata chembe.

Mama Lameki akainua kichwa. "Lameki!" akaita. "Lameki mwanangu!"

Taa nyeupe ikafumbuka yote, ikamwangaza usoni.

"Mmeona?" alisema, akitabasamu kwa kila mtu. "Namwita, ananiitika."

Kijana wa viatu akalegeza kamba. Wote wakakaa.

2

Karakana ya Sechelela ilikuwa tundu lililochongwa kwenye mwamba, lenye meza moja na pazia. Alifunga pazia, akakaa, akasimama, akafuta meza iliyokuwa safi, akakaa tena. Mikono ilikataa kutulia mpaka alipoipa kazi. Akachukua kimulimuli alichokitengeneza sambamba na cha Lameki, akakifungua.

Humo ndani hamna maajabu. Kuna betri bapa ya kuchaji, ukubwa wa kidole gumba. Kuna taa tatu, na kila taa ina rezista yake ya kuizuia, kwa sababu LED ni lafi: ukiiunganisha na betri moja kwa moja itakunywa umeme mpaka iungue. Nyeupe inataka karibu volti tatu ndipo ifumbue macho. Ya kijani inaridhika na pungufu ya hapo, na nyekundu itajikongoja hata kwenye mbili. Ndiyo maana betri inapoishiwa zinalala kwa zamu, nyeupe kwanza, nyekundu mwisho. Desturi yote ya matanga imesimama juu ya volti hizo, ila huwezi kwenda msibani ukayasema hayo ukatoka salama.

Kilichokuwa kigeni ni kile alichokibandika mgongoni mwa betri: utando mwembamba wa kauri, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukitikiswa, unatoa umeme kiduchu, na LED haihitaji zaidi ya kiduchu. Kinachobaki kinaingia kwenye betri.

Alikitengeneza kwa sababu ya hofu ya Lameki. Kijana yule kazi yake ilikuwa kupanda shimo la hewa kwenda kufagia paneli, na safari moja betri ilimwishia katikati ya ngazi. Alining'inia gizani asijue juu ni wapi na chini ni wapi, mpaka wenzake walipomfikia. Alikuja karakana akicheka kama kawaida yake, lakini mkono mmoja ameshika meza.

"Mama mdogo," alimwambia, "nitengenezee kitu kisichonikimbia."

Ndipo Sechelela alipokaa na ule utando, akaupunguza kingo kidogo kidogo kwa msasa, mpaka ukawa unatetemeka kwa mngurumo wa feni na kwa sauti ya mtu pia. "Ukikwama humo shimoni piga kelele," alimwambia siku ya kumkabidhi. "Usingoje sisi tukusikie. Kelele yako yenyewe itakupa mwanga." Lameki aliimba pale pale, wimbo wa kijinga wa wafagiaji, na taa ikamwakia mpaka kope zikahesabika.

Giza halikumdhuru tena. Alidhurika na jua. Alichelewa juu kwenye paneli, jua likamkuta, na wenzake wakamshusha amefungwa kwenye shuka la foili, ngozi imebabuka. Siku walipotundika kimulimuli chake, Sechelela alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni. Alifungua mdomo. Akamwona Mama Lameki ameshikiliwa na wanawake wanne, anapiga kichwa kwenye mwamba. Akaufunga mdomo.

Alijidanganya kwamba mbali na shimoni kitachoka chenyewe. Nyumba ile imeegemea shimo la Feni Kubwa mgongo kwa mgongo! Feni ikilegea, kuna watu wa mtaa mzima wamekaa chini ya taa wanaongea. Hata wale wanaonong'ona wakiomba ilale, walikuwa wanaichaji.

Alikuwa ametengeneza betri ya mtu aliye hai. Mlango, pale kitakapotundikwa akifa, hakuuwaza kabisa.

3

Sechelela alipopeleka uji, Nyemo, mjane wa Lameki, alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, amejifunika kitambaa cha maji kifuani, tumbo limepanda. Kimulimuli chake kilikuwa kimevuliwa, kama desturi ya mjane inavyotaka, kwa hiyo chumba chote kilipata mwanga kidogo uliopenya juu ya pazia kutoka kwenye kile cha marehemu. Nje sauti ya Mama Lameki ilikuwa inasikika, inaongea polepole, inanyamaza, inaongea tena.

"Shikamoo, mama mdogo. Funga pazia vizuri."

"Marahaba, mwanangu. Nimefunga. Kunywa."

"Lameki aliniambia."

Sechelela akaliweka bakuli chini. "Alikuambia nini?"

"Habari za hiyo betri yako. Alikuwa ananiimbia nayo humu ndani, tunacheka mpaka mama anagonga ukuta." Nyemo alifumba macho mpaka maumivu fulani yapite. "Kwa hiyo msiniambie kwamba amekataa nisitoke. Lameki hakuwahi kunizuia mlangoni hata siku moja."

"Kama unajua, kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Yule?" Nyemo alielekeza kidevu nje. "Ulimwona siku walipomleta. Nilidhani tutazika wawili. Siku hizi anaamka mwenyewe. Anakula. Anaongea na hiyo taa mpaka usingizi unamchukua, na akilala analala kweli. Mimi ndiye nimkate hapo? Mimi, mke?"

Sechelela alishika upindo wa kitenge chake. Alimfuta jasho paji la uso, akarudia pale alipokwisha kufuta.

"Kizime, mama mdogo," Nyemo akasema. "Wakiwa wamelala. Akiamka atakuta kimelala, atalia, atasema mwanangu sasa amepumzika, na mimi nitashuka nikazae. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Si unajua tangu siku ya kwanza? Na umekaa nayo."

Hilo lilimwingia Sechelela hadi mfupani, hasa kwa kuwa lilisemwa bila ubaya wowote. Alichukua bakuli. Alipofika kwenye pazia, Nyemo akamwita tena.

"Ila usimwambie. Kizime tu. Ukimwambia ukweli, utamnyang'anya hata hayo waliyokwisha kuongea."

4

Saa ya mapumziko, mtaa ulilala kwenye mikeka ile ile ya msiba, watu wamebanana, wanakoroma. Sechelela alipita katikati yao na kigoda mkononi, koleo dogo la kukatia waya limefichwa ndani ya kitenge. Hewa ilikuwa nzito kweli sasa. Ukivuta pumzi ilikuwa kama umevuta ya mtu mwingine aliyekwisha kuitumia.

Alipanda kigoda. Akakigusa kimulimuli. Kilikuwa na vuguvugu, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi, na akili yake ya ufundi ilijua hivyo, lakini vidole vyake vilikataa kujua. Alipokuwa mtoto aliwahi kupuliza kimulimuli cha babu mmoja msibani, kwa utoto tu, kama anavyopuliza uji. Mama yake alimpiga kofi mbele ya watu wote, na baada ya kofi mama yake ndiye aliyelia. Hulelewi hivyo halafu ukaja kusema ni waya tu.

Akatoa koleo.

"Seche."

Mama Lameki alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, macho wazi, anamtazama bila mshangao.

"Na wewe umekuja kumsalimia?"

"Ndiyo," alisema Sechelela. Koleo likarudi kwenye kitenge.

"Msogelee, mwite kwa karibu. Anapenda." Mama Lameki akasogea, akampisha nafasi mkekani. Sechelela akashuka, akakaa. "Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile alipopanda, nilimgombeza. Alitaka kumsubiri mkewe aamke amuage kwanza, mimi nikamwambia, wewe mvivu, wenzako wako juu, unamkumbatia mwanamke. Akaenda hajala. Akachelewa kwa sababu yangu, Seche. Kama angepanda tumbo lina kitu, angefanya haraka, angeshuka mapema."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa kuwa limekwisha. Nilimwomba radhi. Nikamwambia, Lameki, kama umenisamehe, niangazie." Alifuta jicho moja kwa kiganja, huku anacheka kidogo. "Aliniangazia mpaka nikaona nyufa za ukuta wote ule. Tangu hapo ndipo nimeanza kula."

Sechelela alikaa naye mpaka watu walipoanza kuamka. Hakukigusa tena kigoda. Alikuwa amekuja kuamua kati ya kusema na kuzima kimya, na sasa yote mawili yalionekana ni wizi.

5

Ukelele wa Nyemo ndio uliouinua mtaa. Foibe akachomoza kichwa mlangoni.

"Chupa imepasuka! Leteni machela. Mtoto amekaa matako mbele, na humu ndani mimi mwenyewe napumua kwa shida. Tusipomshusha sasa hivi nitawapoteza wote wawili. Nimeshasema!"

Vijana wawili wakasimama, wakatazama juu ya mlango, miguu ikawaganda. Nyeupe, kijani, nyekundu. Mama Lameki alikuwa ameshasimama kizingitini, mikono ameikamata pande zote mbili za mlango.

"Ngojeni nimwulize."

"Mama Lameki, kwa jina la Mungu!" Mazoya alikuwa karibu kulia.

"Ngojeni, nimesema. Ni mke wake na mtoto wake. Mnadhani atawaacha wafe? Yupo hapa, atawalinda." Akainua uso. "Lameki, mwanangu. Mkeo atoke?"

Taa nyeupe ikawaka vikali.

"Amekataa," alisema Mama Lameki, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikayumba. "Angeridhia, angelala. Mmeona wenyewe."

Ndani Nyemo akalia tena, safari hii chini chini, kama mtu anayeishiwa nguvu. Hakuna mtu humu mlimani anayemsukuma mama mwenye msiba mlangoni pake, na kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake awe wa kwanza.

"Mama Lameki," alisema Sechelela. "Haikuitikii wewe."

Watu wakampisha. Alijikuta amefika mbele bila kukumbuka kutembea.

"Inaitikia sauti," akasema. "Yoyote. Mimi ndiye niliyemtengenezea betri hiyo. Niliiweka ijichaji kwa mtikisiko wa feni na kwa sauti ya mtu, ili akikwama shimoni apige kelele apate mwanga. Lameki hayupo humo. Nilipaswa kukuambia siku ile ile."

"Unasema nini, Seche?"

"Ita kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Chochote. Ita sufuria."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kicheko cha woga, akafinywa akanyamaza. Mama Lameki alimtazama rafiki yake kama anayetafuta usoni mwake pale utani ulipojificha. Kisha akaitazama taa.

"Sufuria," alisema taratibu.

Taa ikapata nguvu kidogo.

"Sufuria!"

Ikawaka yote, ikamwangaza uso, mabega, na mikono yake iliyoshika mlango, vile vile ilivyowaka kwa Lameki. Mazoya akashindwa kujizuia, akakohoa. Ikamwakia na yeye.

Mama Lameki alishusha mkono mmoja kutoka kwenye mlango, halafu wa pili.

"Na nilipomwomba radhi?"

Hapo Sechelela angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa huruma: kwamba safari ile moja huenda aliitika kweli. Akamwona Nyemo kwenye upenyo wa pazia, ameinua kichwa, anamtikisia asiseme. Alijua pia kwamba huenda moja tu ingemrudisha mama huyu mlangoni.

"Ilikuwa sauti yako, Mama Lameki," alisema. "Nisamehe. Ilikuwa sauti yako."

Mama Lameki akasogea kando, mgongo ukutani. Hakulia. "Wewe uliyemfunga humo," alisema, "mfungue."

Kigoda kililetwa. Sechelela akapanda mbele ya macho ya mtaa mzima, akatoa koleo, akautafuta kwa vidole ule waya alioulehemu yeye mwenyewe, akaukata.

Nyeupe, ya kijani na nyekundu zilizimika kwa pamoja. Tangu babu zao waingie mlimani hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Wanaume hawakujua kama wametangulia kuruhusiwa au la. Wanawake waliangaliana kwa mwanga wa vimulimuli vyao vya kifuani, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme matanga yamefika wapi. Foibe pekee hakungoja. Alipitisha machela kizingitini na wale vijana wawili, Nyemo juu yake, amemshika mkunga mkono, wakaanza kushuka mteremko wa Chemchemi mbio, na Mazoya akapata akili, akawanong'oneza wafagiaji wachukue mifagio wapande.

Mama Lameki alibaki pale ukutani. Aliinua uso kuelekea juu ya mlango.

"Lameki," akaita, si kwa nguvu, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Juu ya mlango palikuwa giza.

Ndipo alipolia. Ulikuwa ule ukelele wa siku ya kwanza, wa mtu aliyeletewa maiti sasa hivi, na ulipotoka akashuka na ukuta mpaka chini. Wanawake waliokuwa wameshakunja mikeka wakasimama nayo mikononi. Mmoja akaukunjua wake. Na mwingine naye akaukunjua.

Sechelela akavua viatu, akakaa kando yake. Mama Lameki hakumsogelea, wala hakumfukuza.